Siku Alizopungua Yotamu

Jumatatu, 13 Januari

Daftari hili katoa Jaha, mke wa muuza vitenge wa pale mjini Iringa. Jana kaja na maboksi ya maziwa, blanketi sita na madaftari kumi. "Ya watoto wajifunze kuandika," anasema. Jamani! Mtoto wetu mkubwa humu ana miaka mitatu na kijiko hawezi kushika. Nimeshukuru, nimeyafungia kabatini, na leo nimejichukulia moja. Mimi Apolonia nina miaka hamsini na sita na kuandika najua.

Hapa ni Nyumba ya Lishe, Kalenga. Vitanda tisa, jiko moja, bomba linalokohoa. Tunaishi kwa michango: jengo la kanisa, maziwa na sabuni vya akina mama wa mjini, Waislamu kwa Wakristo, na chakula dawa cha serikali, ile siagi ya karanga ya pakiti, kikipatikana. Tunaletewa watoto waliokonda mpaka wamebaki macho, na wale waliovimba. Kazi yangu ni kukoroga maziwa na kupima uzito, na mara moja kwa mwezi naenda na gari vijijini kupima watoto wa huko. Hii ndiyo miezi ya njaa. Mahindi ya mwaka jana yameisha, ya mwaka huu yananifika magotini. Vitanda vinane vina watu.

Mkubwa wangu wa kazi ni nesi Hanifa, miaka ishirini na tisa, babu yake alitoka Pwani akaja kuuza chumvi. Ana saa kubwa mkononi na mdomo mkubwa zaidi. Maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Ukichelewa dakika tano anakuita "Mama Kasian!" utadhani umeiba. Kasian wangu nimemzaa yeye hajawa hata mimba. Simpendi, na naliandika hili kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 16 Januari

Mvua. Nepi hazikauki, nimeanika mpaka jikoni.

Jumanne, 21 Januari



Saa tisa alasiri kaingia binti ana mtoto mgongoni, kalowa chapachapa. Anaitwa Marta, katoka Idodi kwa basi, kitanda cha tisa ni chake. Mtoto ni Yotamu, mwaka mmoja na miezi tisa. Hanifa akamfunua. Miguu imeumuka, ngozi ya mapaja inabanduka, nywele zimekuwa nyepesi za rangi ya kutu. Hanifa akabonyeza mguu kwa kidole gumba, akahesabu mpaka tatu, akaachia. Shimo likabaki pale pale.

"Amejaa maji," akasema. "Huyu ana utapiamlo mkali, na si wa jana."

Marta akanigeukia. "Shikamoo mama. Si wewe uliyempima Novemba, kule kwetu?"

"Napima watoto wengi," nikajibu, nikaenda jikoni.

Uongo. Nilimkumbuka papo hapo. Foleni ilikuwa ndefu, mawingu yametanda, dereva anapiga honi tuwahi kabla mto haujajaa. Bibi yake ndiye aliyemleta, kamvalisha soksi mpya za sufu. Tumefundishwa: vua soksi, bonyeza miguu yote miwili, mtoto yeyote awaye. Sikuvua. Nilimning'iniza kwenye mzani, mshale ukasimama pazuri, nikaweka nukta kwenye kijani cha kadi, mahali pa watoto wazima. Kisha nikamshika shavu nikasema kwa sauti, foleni nzima isikie: "Kanenepa huyu! Bibi, mnamlisha nini mjukuu wenu?" Watu wakacheka, bibi akapiga kigelegele.

Hakuwa amenenepa. Yalikuwa maji tayari, na mzani unapima maji na nyama sawasawa. Miezi miwili imepita tangu siku ile.

Sijamwambia Hanifa.

Jumatano, 22 Januari

Hanifa kaishika kadi ya kliniki, kaigeuza mara mbili. "Novemba kijani? Nani alimpima huyu?" Sahihi yangu haisomeki. Nikamshukuru Mungu, halafu nikaona haya kumshukuru kwa jambo la namna hiyo.

Ijumaa, 24 Januari

Kanywa, katapika. Kanywa tena kidogo.

Jumamosi, 25 Januari

Halii. Anayelia hatumwogopi, maana ana nguvu ya kudai. Yotamu analala upande mmoja anatazama ukuta. Ukimchoma sindano anakunja uso tu, basi. Nimeamka mara tatu kwenda kumsikiliza kama anapumua, na zamu si yangu.

Jumatatu, 27 Januari

Aliingia na kilo tisa na robo. Leo saba na nusu.

Hanifa kafurahi mpaka kapiga makofi. Maji yanatoka kwa mkojo, anasema, sasa tutamwona mtoto mwenyewe alivyo. Na kweli tumemwona: mbavu, magoti, shingo kama ya kifaranga. Marta kaona mshale wa mzani umerudi nyuma, machozi yakamtoka. "Mama, anapungua. Mnampa kikombe kidogo cha maziwa, anapungua."

Hapo ndipo ilinipasa kukaa chini nimweleze. Kwamba kupungua huku ndiko kupona kunakoanza. Kwamba tumbo na moyo vimechoka, ukivipa chakula kizito vinazidiwa, mtoto anakufa ameshiba. Nayajua yote hayo. Ila kumweleza maji yanayotoka ni kumweleza maji yaliyokuwepo Novemba, nikaogopa. Nikamwambia, "Usilie, nesi anajua kazi yake," nikaendelea na sufuria zangu.

Alhamisi, 30 Januari

Kafika bibi wa mtoto, Veneranda, mama mkwe wake Marta. Kaja na kuku hai kwapani na mayai kwenye kopo la pumba. Mwanamke mrefu, mkavu, anatembea kama anadai. Kaniona, uso ukamng'aa, kanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mpimaji wangu! Yuko wapi mnene wetu?"

Nikamwonyesha kitanda. Akakipita, akaenda kitanda cha pili, akarudi. Hakumtambua.  Alipomtambua, kaweka kuku chini.

Jioni Marta kanieleza huku tunafua. Mumewe, Clement, analima vitunguu vya watu Ruaha Mbuyuni, anarudi mara moja kwa mwezi. Yotamu alipoanza kuzubaa na kukataa kucheza, majirani wakasema kabemendwa: baba katembea na mwanamke huko Mbuyuni, kaja na jasho la watu, kambeba mtoto. Ndivyo watu wetu wanavyosema mtoto akidhoofu, na nyumba iliyobemenda mtoto hunyooshewa kidole mpaka kisimani. "Mama mkwe ndiye aliyetutetea," akasema Marta, "vinginevyo ningesharudishwa kwetu."

Sikuuliza aliwatetea kwa maneno gani. 

Jumamosi, 1 Februari

Leo wafadhili. Jaha na wenzake watano, na mchele, na mafuta, na machungwa. Wanawake wema, sisemi vibaya. Wakapita kitanda kwa kitanda. Kwa Yotamu Jaha akashindwa kujizuia, akajifunika mdomo kwa mtandio, akalia kwa sauti: "Jamani, mmemfanya nini huyu mtoto? Mifupa mitupu!"

Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anamlilia Mungu. Lakini Bibi Veneranda alikuwa amekaa pale pale, kandoni mwa kitanda, na nikaona shingo yake inakaza.

Jumapili, 2 Februari

Nimetoka misa saa nne. Kitanda cha tisa kitupu. Blanketi limekunjwa vizuri, kikombe kimeoshwa. Kuku hayupo, bibi hayupo, Marta hayupo, Yotamu hayupo.

Hanifa kapiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji. Basi la Idodi lilikuwa limeshaondoka tangu saa mbili.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Wanasema lori limekwama njiani, hakuna basi wala pikipiki inayopita. Nahesabu maziwa aliyokosa: leo vikombe vinane, jana vitano.

Saa kumi mwenyekiti kapiga. Bibi kafunga mlango, kasema haonani na mtu, na moshi unatoka jikoni kwake. Hanifa kakaa chini. "Anampikia," akasema. "Ya Rabi, anampikia ugali na kuku." Akawa anageuza saa yake mkononi. "Sielewi. Kwa nini bibi mwenye akili timamu amkimbize mtoto anayepona?"

Nikamwambia. Soksi, mzani, shavu, foleni, kadi. Na Marta nilivyomnyamazisha. Nilitegemea nyumba ianguke kwa kelele, maana kwa dakika tano tu za maziwa huwa tunasikika mpaka barabarani.

Hanifa hakupiga kelele.  Akasema, "Mama Kasian, unajua kwa nini nawasumbua na saa? Mwaka wangu wa kwanza kazini, hospitali nyingine mbali huko, nilipitiwa na usingizi. Saa tatu zikawa sita. Mtoto alikuwa anaitwa Nasri." Akainuka, akaenda kukoroga maziwa ya saa kumi na mbili, ingawa zamu ilikuwa yangu.

Nimemsema vibaya humu. Sifuti, ibaki nijione.

Jumanne, 4 Februari

Barabara bado. Sijala.

Jumatano, 5 Februari

Alfajiri honi. Jaha, na pikapu ya mumewe, na dereva. Hanifa alimpigia jana. Kashuka na mabuti ya mpira, macho mekundu. "Ni mdomo wangu huu," akasema. "Twende."

"Panda," nikamwambia, "mdomo wangu ulitangulia wako."

Hanifa alibaki na watoto wanane. Kanipa chupa ya maziwa, sukari, blanketi, na maneno machache: usigombane, usimtishe na polisi, mlete. Njiani tulisukuma gari mara mbili. Jaha alitumbukia kwenye tope mpaka mapajani, hakulalamika. Tulifika Idodi saa saba.

Gari likiingia kijijini watu hawaitwi, wanakuja. Mpaka tunafika kwa Bibi Veneranda ua umejaa, na wale wale wa foleni ya Novemba nawatambua nyuso. Bibi kasimama mlangoni, mkono huku na mkono huku.

"Kamwene, bibi," nikasema.

"Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kuomba mtoto apate maziwa. Bado hajapona."

"Aliugua lini?" Sauti yake haikupanda, ndiyo maana kila mtu alisikia. "Novemba hawa hawa unaowaona walisema mwanangu Clement kambemenda mtoto. Nikasimama hapa hapa. Nikawaambia, mpimaji wa Kalenga kamshika shavu mbele yenu nyote, kasema kanenepa. Nikawafunga midomo kwa neno lako. Marta akitaka kwenda kliniki namwambia, mtoto mzima unampeleka kliniki ya nini? Miezi miwili namkataza, kwa neno lako. Mpaka ngozi ilipoanza kutoka ndipo akatoroka nyumbani, akamleta kwenu. Alikuja mnene, mmenipa mifupa. Sasa niambie, mimi mzee sikusoma. Muongo ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa na mengi, ya lishe, ya maji, ya moyo mdogo wa mtoto. Yote yakapotea.

"Ni mimi," nikasema.

"Sikusikii. Na hawa hawajasikia."

Basi nikawageukia. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, wananiita mama, wananipa kiti. Nikasema: "Mimi Apolonia nilimpima Yotamu vibaya. Ilitakiwa nimvue soksi nibonyeze miguu, sikumvua, nilikuwa na haraka. Hakuwa mnene. Alikuwa ameshaanza kuvimba, na uvimbe ukampendezesha machoni pangu. Hakubemendwa. Marta hana kosa, Clement hana kosa, bibi hana kosa. Mtoto alikula uji mtupu wa mahindi miezi mingi, hakupata maziwa, wala maharage, wala yai, na aliyetakiwa kuliona hilo mapema ni mimi. Na amekonda kwetu kwa sababu maji yametoka. Hiyo ndiyo dawa ilivyo, nami sikuwaeleza kwa kuwa nilijificha."

Mama mmoja nyuma akasema, "Mh!" Mwingine akasonya, na msonyo ule ulinipata mimi. Sawa. Jaha alinishika mkono, wa kwake ulikuwa na tope na baridi.

 Bibi Veneranda akageuza kichwa ndani: "Marta. Mlete."

Alhamisi, 6 Februari

Tulifika usiku. Yotamu wa baridi kabisa, tumbo limejaa, anaharisha tangu Jumatatu. Walimpa ugali na supu ya kuku, kwa mapenzi yote, tena mara nne kwa siku. Njiani nilimpa maji ya sukari kwa kijiko na nusu yalirudi.

Hanifa alimvua nguo zote, akamlaza kifuani kwa Marta ngozi kwa ngozi, blanketi tatu juu. Maziwa mepesi kwa mpira wa puani, kila baada ya saa mbili, matone. Bibi kakaa sakafuni, kiti amekikataa. Kila kikombe kikija anauliza, "Hiyo tu?" na Hanifa anamjibu kila mara, polepole, tangu mwanzo, kwa nini ni hiyo tu. Kamjibu mara saba. Nimehesabu, maana hiyo ndiyo kazi niliyoikwepa mimi.

Mpaka jioni hii mtoto hajafumbua macho.

Ijumaa, 7 Februari

Yuko.

Jumamosi, 8 Februari

Yuko. Saa nane mchana mikono iligeuka ya buluu. Hanifa katufukuza sote isipokuwa Marta. Nilikaa jikoni nikasali rozari, nikakosea mafumbo, nikaanza upya. Kengele ya magharibi ikapigwa. Yuko.

Jumapili, 9 Februari

Yuko. Sikwenda misa.

Jumanne, 11 Februari

Kafumbua macho. Kamtazama bibi yake, kayafumba tena kama kachoshwa naye. Bibi kasema, "Ndiye." Sasa kamtambua.

Jumatano, 19 Februari

Mpira wa puani umetoka. Anakunywa kwa kikombe. Kilo sita na nusu. Marta katazama mshale, katazama Hanifa, hakulia.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza. Hanifa anafunga, anawanywesha watoto wa watu yeye mwenyewe koo kavu. Leo magharibi Bibi Veneranda kamnyang'anya jagi: "Nenda kafungue, mwanangu. Saa yako niachie." Na Hanifa kaivua, kampa! Bibi hajui kusoma saa, lakini kaonyeshwa mshale mrefu ukifika wapi. Alinigongea dirisha dakika kumi kabla ya wakati. "Mpimaji! Maziwa!" Sasa nina wawili.

Na mimi haniiti jina. Akitaka chumvi anamtuma Marta.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya mawe. Mchicha wa bustanini umekwisha.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tano asubuhi nipo jikoni, nasikia kilio. Kikali, cha hasira, cha mtu aliyedhulumiwa. Nikadhani mtoto kaungua. Nikakimbia na mwiko mkononi. Yotamu kakaa kitandani, uso umekunjamana, anamnyooshea Marta mkono. Pakiti ya chakula dawa imeisha na anataka nyingine. Nilimsikia sauti kwa mara ya kwanza, baada ya siku hamsini na mbili.

Hakuna aliyembembeleza. Tulisimama tu, Marta, bibi, mimi, Hanifa mlangoni, tunamsikiliza anavyolia njaa. Hanifa akasema, "Alhamdulillah, hebu jamani mpeni, majirani watasema tunamuua." Nilirudi jikoni nikalia mwenyewe, maziwa yakaungua, na sikugombezwa.

Jumatano, 26 Machi

Idodi, kupima. Watoto arobaini na moja, miguu themanini na miwili. Dereva alipiga honi. Nikamwambia apige mpaka betri iishe.

Ijumaa, 4 Aprili

Yotamu kaondoka leo. Kilo tisa na nusu, kavu, nyama yake mwenyewe. Clement kaja kuwachukua, kijana mpole, mikono inanuka vitunguu, kambeba mtoto hadharani mpaka barabarani na hakuna aliyesema kitu. Jaha kaleta mbuzi wa maziwa, safari hii alimuuliza Hanifa kwanza kinachohitajika.

Nilikuwa nimeyashika maneno yangu tangu Februari. Pale kituoni, basi likiwa linapakia magunia, nikamfuata Bibi Veneranda. Nikapiga goti, mtu mzima mimi, kwenye matope.

"Bibi, nisamehe."

Akanitazama kutoka juu. Mahindi mabichi yalikuwa yanachomwa pembeni, moshi unatuingia machoni sote wawili, kwa hiyo sikuweza kumsoma.

"Sijakusamehe," akasema. "Usijidanganye. Usiku nikimkumbuka alivyokuwa wa baridi kwenye lile gari, nakuona wewe." Kondakta akamwita. Akapandisha mguu wa kwanza kwenye ngazi, akasimama, akageuka. "Binti yangu wa Pawaga ana mtoto. Halii. Watu wanamsifu ana adabu. Jumatatu namleta. Uwepo."

Basi limeondoka. Nimeshamwambia Hanifa atenge kitanda.